Fundo Lilifunguka

Jumatatu, 3 Novemba

Tumetoka saa kumi na mbili na robo. Wageni wawili, mume na mke. Bahari shwari, maji yanatoka. Kolekole watatu wadogo, mzia mmoja. Wote kwa chambo bandia, samaki wa plastiki wa rangi ya fedha. Yule wa waridi hakuguswa.

Mafundo manane ya mishipi. Zamani nilimaliza nane chai haijapoa. Leo la tatu peke yake limenichelewesha hadi Omari akauliza kama nimeumia kidole. Nikamwambia ndiyo.

Sikuumia kidole.

Kisha nikaipiga ndoo teke. Ilikuwa kulia kwangu, mahali pake pa kila siku.

Ni jicho la kulia. Pembeni hakuna kitu. Si giza, hakuna tu. Na la kushoto limeanza. Naiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Miezi saba sasa. Mke wangu hajui. Omari, kaka yake, ninayeshinda naye botini mwaka wa kumi na moja, hajui. Kamau mwenye boti hajui. Daftari hili ni la maji na chambo, hakuna anayelisoma. Naandika humu kwa sababu nikizidi kunyamaza nitapasuka.

Jumatano, 5 Novemba

Mwalimu Mutua amepiga simu kutoka Machakos. Anakuja Jumatatu kwa siku tatu, pamoja na binti yake Mwende. Mwaka wa tisa huu anavua nami. Mwalimu wa hesabu, amestaafu. Anamtaka chewa mkubwa, na anamtaka kwa chambo bandia, si kwa ngisi. Husema kumdanganya samaki mwenye njaa si kazi, kazi ni kumdanganya aliyeshiba.

"Vifaa chagua wewe, Kapteni. Mimi naleta kofia tu."

Chewa haendi mbali na shimo lake. Akishika anageuka kurudi ndani, na akishaingia ndiyo basi. Kwa hiyo mshipi wa kusokotwa, wa kubeba ratili themanini, usiovutika. Mbele yake mita mbili za nailoni nene, maana mwamba unakata. Rodi fupi, ngumu. Breki ya rili, gurudumu la mshipi, ibanwe karibu mwisho. Chambo: samaki wa mpira mwenye kichwa cha risasi na mkia unaopiga. Maji yakiwa safi, wa kahawia. Yakiwa na tope, mweupe.

Haya yote nayajua nikiwa nimefumba macho. Ningecheka kama si kuwa nataka kulia.

Dukani Ukunda nilichukua mshipi rafuni, nikalipa. Dada wa dukani akautazama. "Baba, huu ni wa thelathini. Si umesema themanini?"

Tatu na nane. Nikasema nimesahau miwani nyumbani.

Sina miwani.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya swala nimemwaga chambo zote kibarazani penye mwanga. Kupanga. Kahawia huku, kijani kule. Kijani na buluu siwezi tena kutofautisha mpaka nisogeze puani. Nilikuwa hivyo, chambo puani, Mariamu alipotoka na sahani ya mihogo.

"Baba Zuhura, unanusa plastiki?"

Nikasema natafuta ndoana zenye kutu. Akasimama kidogo. Akaweka sahani chini, akaingia ndani. Nikajifanya kuendelea, ndoana ikazama kwenye dole gumba. Nikaitoa kimya kimya.

Marehemu baba alipofuka nina miaka kumi na mitano. Nilimshika mkono kwenda msikitini, kwenda kisimani, kwenda chooni. Kila hatua alisema asante. Asante mwanangu. Asante. Siogopi giza. Ile asante ndiyo ninayoiogopa.

Nina miaka hamsini na mbili. Kazi nyingine siijui.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeua siku ya mwalimu.

Tulitoka kupitia mlango wa mwamba, pengo la kupitia boti, kusini ya kisiwa cha Chale. Maji safi, nikamfungia wa kahawia. Asubuhi nzima changu wadogo. Mwalimu hana haraka. Mwende alikaa mbele kabisa, miguu imening'inia, anasoma kitabu. Mwendo wa saa nne rodi ikapinda mpaka ncha ikaingia majini. Chewa. Chewa mwenyewe hasa. Mwalimu akapiga kelele kama mtoto. Nikamwambia asimpe hata shibiri moja, na hakumpa, alivuta vizuri kuliko miaka yote. Nikaona kivuli cha kahawia kinapanda, kipana kama mlango.

Halafu mshipi ukalegea.

Niliuvuta mwenyewe haraka, nikaushika ncha. Mshipi uliokatwa na mwamba huwa na manyoya. Uliokatika kwa uzito huwa umechongoka. Huu ulikuwa umejikunja kama mkia wa nguruwe. Haukukatika. Fundo lilifunguka. Fundo langu.

"Mshipi mbovu huu," nikasema. "Viwanda vya siku hizi."

Mwalimu akafuta uso kwa kofia. "Bahari ndiyo hiyo, Kapteni. Kesho ipo."

Omari aliichukua ile ncha mkononi mwangu. Akaitazama. Akanitazama mimi.

Mimi ni mwongo. Kumbe ni kazi rahisi.

Jumanne, 11 Novemba

Leo Omari alifunga mafundo yote. Hakuniuliza. Alichukua sanduku akaketi nalo miguuni, akanipa mgongo.

Samaki: changu sita. Chewa hakuna.

Saa saba tunarudi. Maji yamepungua, jua limelala juu ya bahari kama bati. Mlango ule nimeupita maelfu ya mara. Nauweka mnara wa simu nyuma ya minazi miwili, naingia. Nilikuwa nautazama mnara. Ndani ya bomba langu kulikuwa na mnara tu.

Omari alipiga yowe, akanirukia, akaivuta gia ya injini nyuma. Boti ikainama. Mwende akateleza, akashika kamba.

Kulikuwa na mtu majini. Upande wa kulia. Mpigambizi wa pweza, miwani ya maji usoni, boya lake jekundu pembeni yake. Jekundu! Alikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kuugusa ubavu wa boti, na aliugusa, aliusukuma kwa mikono miwili kujiondoa. Akavua miwani. Hakutukana. Ningependa angetukana.

"Huoni?" akauliza. "Wewe, huoni?"

Nikajibu, "Samahani, jua."

Yule ana mtu anamsubiri nyumbani. Ningemkata kwa rafadha na nisingejua nimemkata nini. Ya Rabi.

Jumatano, 12 Novemba

Nimesema.

Asubuhi ufukweni, kabla hawajapanda. Kamau alikuwepo, ameleta mafuta. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yakatoka matano: Macho yangu hayaoni vizuri tena.

Mwalimu aliuliza tangu lini. Nikamwambia miezi saba. Niliona anapiga hesabu, kama walimu wanavyopiga.

"Jana Mwende alikuwa amekaa mbele."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na juzi ulisema ni mshipi."

"Lilikuwa fundo. Nililifunga mimi."

Nilitaraji atanionea huruma. Nakiri. Nilikuwa nimeshaitayarisha sura ya kuipokea. Hakunionea. Uso wake ukawa mweusi kwa hasira. "Miaka tisa nakuletea mtoto wangu," akasema. "Na wewe unanificha?" Akaenda kusimama mbali, karibu na minazi. Mwende akamfuata.

Kamau akakuna kichwa. "Kapteni, mbona hukunishow? Tungepanga kitu. Sasa mtu angekufa, mimi ningeambia watu nini?" Akanyoosha mkono. "Pole sana. Lakini leta ufunguo."

Nikampa. Akampa Omari palepale, mbele yangu. Wakatoka baharini, Mwalimu na Mwende wakiwa ndani. Nilikaa mchangani nikiisikiliza injini mpaka ikapotea. Mlio wake naujua. Omari alikuwa anaipeleka polepole mno.

Mariamu nimemwambia mchana. Hakulia. Akasema, "Miezi saba nalala na mtu nisiyemjua." Akachukua buibui lake akaenda kwa dada yake mpaka magharibi.

Alhamisi, 13 Novemba

Kliniki ya macho. Mariamu amekuja. Kwenye benchi aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

Daktari mwanamke, kijana, mpole. Nilimwamkia, akaniambia "Shikamoo mzee" kabla sijamaliza. Aliniwekea matone, akanimulika, akanipulizia upepo jichoni. Akanyoosha vidole pembeni. Vingapi? Nikasema viwili. Mariamu akavuta pumzi. Baadaye aliniambia hakukuwa na vidole pale. Mkono ulikuwa umeshashushwa.

Presha ya macho. Huenda niliirithi. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki huenda kikabaki, kwa matone kila siku maisha yangu yote. Hakuna boti, hakuna kuendesha chochote.

Nikauliza kama ningekuja miezi saba iliyopita.

Daktari alipanga karatasi zake kwanza. "Tungeokoa zaidi, mzee."

Tungeokoa zaidi.

Mwalimu ameondoka leo. Omari anasema jana hawakupata kitu. Mwalimu hakuniaga.

Jumapili, 16 Novemba

Sijatoka nje. Siko mgonjwa. Sitaki tu kuonekana.

Jumatatu, 17 Novemba

Omari amekuja. Mvua imenyesha, maji yana tope, kesho ana wageni wanne. Alisimama mlangoni na sanduku la chambo. "Shemeji, hawa wa kolekole niwafungie kipi?"

Nikamwambia akamwulize mwenye macho.

Akasema, "Haya." Akaondoka, chambo zikilia ndani ya sanduku.

Nilijua jibu. Mweupe, anayepiga maji kwa mdomo, mshipi wa ratili sitini, avute kwa vishindo asimame, avute asimame. Ilikuwa sentensi moja. Nilimnyima kwa sababu yeye ana macho. Mtu aliyeniokoa nisiue.

Leo najichukia kuliko siku ile ya mlango wa mwamba.

Jumanne, 18 Novemba

Matone. Hakuna kingine. Kuna wakati leo niliona heri baba, yeye amekwisha kufa. Sikupenda wazo hilo lilivyokaa kwa starehe. Nimemwambia Mariamu. Kumficha nimekoma. Aliacha kukuna nazi, akaja akakaa, safari hii bila kuacha nafasi. Alinukia tui.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimekwenda kumtafuta yule mpigambizi. Anaitwa Shee, mtu wa Mkwiro. Yeye na wenzake wamepiga dago Msambweni, kambi ya wavuvi ya miezi michache, vibanda vya makuti. Mariamu alinipeleka. Nilimshika bega, sikumshika mkono.

Shee alikuwa anampiga pweza kwenye jiwe. Mtu mdogo, mwembamba, umri wangu. Nikamsalimu, nikamwambia mimi ndiye wa ile boti. Akaendelea kupiga pweza. Nikamwambia haikuwa jua. Nikamwambia yote, na ya kwamba nilijua, na bado nilishika usukani.

Akaacha kupiga.

"Mimi nilidhani umelewa," akasema. "Nimeshawaambia watu wote wa pwani hii kwamba wewe ni mlevi."

"Sinywi, Bwana Shee."

"Basi itabidi niwazungukie tena, niwaambie ni kipofu."

Wenzake wakacheka. Neno lile sijawahi kuambiwa. Liliniingia kama ile ndoana. Lakini hakuna aliyelisema kwa huruma, na nikajikuta bado nimesimama.

Nikamwomba radhi. Akasema ana watoto watano na mdogo hajaanza kutembea, nilijue hilo. Nikasema nimelijua. Akasema, "Mungu atusamehe sote," na hakunipa mkono, mikono ilikuwa na ute wa pweza. Labda ndiyo sababu. Labda siyo.

Njiani nikamwomba Mariamu tupitie kwa Omari. Nilimkuta anakula. Nikamwambia: mweupe, anayepiga maji, ratili sitini. Na fundo alitie mate kabla ya kulikaza. Akasema wageni wale wa Jumanne walirudi mikono mitupu. Akasema, "Karibu chakula, Shemeji."

Nikala.

Jumanne, 2 Desemba

Boti haikuwa na wageni leo. Omari alimwomba Kamau, tukaenda ndani ya mwamba tu, penye kina kifupi. Mimi, Omari na Mariamu. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa na hajawahi kupanda boti niliyofanyia kazi. Nilikuwa sijawahi kumwalika.

Nilikaa katikati, pale wanapokaa wageni. Pagumu. Sikujua.

Mariamu alitapika mara mbili, akafuta mdomo kwa ncha ya leso, akasema apewe mshipi. Nikamchagulia mwembamba, ndoana ndogo, chubwi ya kutosha kufika chini tu. Nikamwekea mshipi juu ya kidole cha shahada. Mawe yanagonga hivi, nikamwambia, samaki hivi. Akasema nisimsemeshe, anasikiliza.

Alipata changu mmoja. Mdogo, lakini halali. Hakumruhusu Omari kumtoa kwenye ndoana.

Jioni amempika kwa ndimu na pilipili. Nimekula upande wa mkia, miiba naitafuta kwa ulimi. Kichwa, fungu la mvuvi, siku zote alinipa mimi. Leo amekila mwenyewe, taratibu, amekimaliza chote, akanawa.