Nimenunua Bunduki Ndogo, Kijiji Kinashangilia Kubwa

Bibi Mwanakhamisi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa huku milima ya Uporoto, Mbeya, na leo nakuomba unishike mkono, maana nina furaha ambayo inaninyima hamu ya kula. Ukiichapisha barua hii usiweke jina langu, niite Asukile, na mke wangu umwite Damari, na wengine wote pia nimewabadilisha majina, kwa sababu gazeti lako huku husomwa kwa sauti na mwalimu kila Jumamosi mbele ya ghala la viazi, na watu wote husikiliza.

Bibi, sisi tunalima viazi na mahindi, na nguruwe wa msituni wanalima pamoja nasi, tofauti ni kwamba wao hawapandi, wanavuna tu, na mwaka jana walimaliza upande mzima wa mlima wetu mpaka mama mmoja akakaa katikati ya shamba lake akacheka kwa uchungu, basi wazee wakakubaliana mmoja wetu aombe kibali cha bunduki Boma, wakanichagua mimi kwa sababu sinywi pombe na najua kusoma, naye Bwana Shauri, mkubwa wa Boma, akakubali, bunduki moja tu ya marisau, zile chembe ndogo za risasi zinazotawanyika. Hapo ndipo mdomo wangu ulipoanza kazi. Nikatangaza, wala hakuna aliyenituma, kwamba nitaleta namba kumi na mbili kama ile ya Mzungu wa shamba la pareto, ambayo ikilia ng'ombe wanasahau kucheua.

Tukaenda Mbeya mimi na Damari, na muuza bunduki, Bwana Othmani, mtu mpole sana, akatupeleka kwenye machimbo ya mawe nje ya mji tukazijaribu. Nikaikamata ya kumi na mbili kiume, nikafyatua, na kitu nilichokiona baada ya hapo ni mawingu, maana nilikuwa nimelala chali kwenye tope na kofia iko mbali. Bwana Othmani hakucheka, alisema tu, "Pole bwana, hiyo husalimia kwa nguvu," lakini Damari alicheka mpaka akashika jiwe asianguke. Nikajaribu tena, safari hii nikafumba macho yote mawili, marisau yakaenda kutafuta ndege. Ndipo Bwana Othmani akanipa namba ishirini, nyembamba, nyepesi, nikapiga debe mara tatu kati ya tatu, naye akanieleza kwamba kwa bunduki hizi namba ikipanda tundu la mtutu linashuka, kwa hiyo ishirini ni ndogo kuliko kumi na mbili. Damari akasema, "Baba Lea, chukua hiyo inayokutii." Nikaichukua, nikiwa nimeinamisha kichwa.

Njiani nilijiandalia maneno ya kujitetea, lakini tuliposhuka kwenye lori nikakuta kijiji kizima kinatusubiri, na kabla mguu wa pili haujagusa chini Mama Yudith jirani yetu akauliza, "Umeileta ile kumi na mbili?" Nikajibu, Mungu ni shahidi wangu, nikajibu kweli tupu: "Hapana mama, nimeleta ishirini." Kisha akapiga kelele, "Wee! Ishirini! Mzungu tumempita nane!" na vigelegele vikapanda mpaka msituni, wanawake wakaimba, wazee wakanishika mkono wakisema "Ndaga fijo, ndaga fijo," ndiyo asante sana ya kwetu, na mimi, Bibi, nilifungua mdomo nieleze, halafu nikaufunga.

Tangu siku hiyo naitwa Bwana Ishirini. Nimeletewa kuku wawili, kanisani nakaa benchi la mbele, na watoto wameutungia wimbo mwendo wangu. Sitakudanganya, ni tamu. Lakini sasa watu wamevunja madungu yao ya kulindia mashamba, wanasema ya nini kukaa kwenye baridi juu ya vijiti wakati kuna bunduki kubwa kuliko ya Mzungu, na wamenichagulia mwamba karibu na kanisa, eti nitasimama pale nipige nguruwe walio ng'ambo ya bonde. Ng'ambo ya bonde, Bibi! Hata kuona sioni. Mahindi yamebakiza wiki tano kuvunwa, nguruwe wameanza kuonja pembeni, na Mzee Gideoni, aliyekuwa askari vitani Burma na anayezijua bunduki zote, yuko Mafinga kwa binti yake na atarudi mwisho wa mwezi, akiiona tu nimekwisha.

Bwana Othmani ameniambia naweza kuibadilisha kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu baada ya hapo Boma wataandika namba kwenye leseni na haitafutika. Je, niirudishe nichukue kumi na mbili nivumilie bega, au nibaki na ishirini na kunyamaza na kumwomba Mungu amcheleweshe Gideoni? Damari amesema hatatia neno tena. Anaimba tu ule wimbo wa watoto, jikoni, kila ninapopita.

Ni mimi,
Bwana Ishirini, Uporoto

*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nilimsomea binti yangu Siwema, tukacheka mpaka chai ikapoa. Sasa nimemaliza kucheka, kaa vizuri.

Kwanza bunduki, maana hilo ni jambo jepesi. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa bunduki hapa Iringa kwa miaka ishirini na mitatu, na mabega ya wanaume waliotaka kubwa kuliko miili yao nimeyakanda kwa mikono yangu miwili, kwa maji ya moto na chumvi. Walikuwa wanakuja na hadithi za kuteleza. Wote waliteleza! Hakuna hata mmoja aliyesukumwa na bunduki. Mume wangu alikuwa akiwaambia kwamba nguruwe haulizi namba, anauliza kama marisau yamempata au yamempita. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ya kumi na mbili ulipiga mawingu, na ya ishirini ulipiga debe mara tatu. Halafu unauliza ipi? Mke wako alikwisha kujibu pale machimboni, bila kibali cha mtu. Usiirudishe. Nunua risasi zenye marisau manene, msubiri nguruwe afike hatua thelathini, fungua macho yote mawili, na atalala.

Sasa wewe. Umesema Mungu ni shahidi wako kwamba ulisema kweli. Ni shahidi kweli, na amekuona pia ulipofunga mdomo. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imefika kwenye mwamba wa kanisa, ambako watu wanataka usimame upige ng'ambo usikokuona. Je, kukiwa na mtu huko bondeni anachimba viazi vyake? Kuku wawili na benchi la mbele nakusamehe, hata mimi ningekaa. Wimbo nakusamehe. Madungu yaliyovunjwa sikusamehe. Mama Yudith bila shaka naye alivunja dungu lake kwa kukuamini, na wiki tano zijazo zikimkuta hana dungu na hana mahindi, utamwimbia nini?

Usimngoje Mzee Gideoni arudi. Mwandikie barua Mafinga leo hii, umwambie kila kitu, tope na kofia pia, umwombe akirudi akufundishe. Mzee aliyeombwa hugeuka mwalimu. Mzee aliyefichwa akaja kugundua mwenyewe, huyo mimi simwezi, na wewe humwezi.

Kisha wakusanye watu pale ghalani. Usianze na hotuba. Wamwagie debe moja la viazi chini, uwaambie wagawe mafungu kumi na mawili yaliyo sawa. Wakimaliza, rudisheni vyote, wagawe tena mafungu ishirini. Waulize fungu lipi ni kubwa. Mtoto mdogo atakujibu. Sasa waambie ndivyo Wazungu walivyohesabu bunduki hizi zamani: walichukua uzito wa ratili moja ya madini ya risasi, wakaigawa vidonge kumi na viwili, na tundu linalopitisha kidonge kimoja wakaliita kumi na mbili. Wakaigawa ratili ileile vidonge ishirini, kidonge kikawa kidogo na tundu likawa dogo. Marehemu ndivyo alivyonifundisha, kwa unga wa ngano, tukiwa wachumba. Nilidhani ananichumbia kumbe ananifundisha kazi.

Watacheka. Waache. Wakishamaliza waambie, "Nilijua tangu siku ya lori, nikanyamaza kwa sababu makofi yalikuwa matamu." Hapo utaona aibu kama ya kuvuka mto wa baridi, inakata miguu, halafu uko ng'ambo. Wale kuku wawili wapikie wenye madungu siku mtakapoyajenga upya, na dungu la kwanza liwe la Mama Yudith, na vijiti ukate wewe kwa bega hilohilo. Bunduki yako ikae kwenye dungu moja, lililo karibu na njia ya nguruwe, na wengine wapige madebe kuwasogeza kwako. Hivyo ndivyo bunduki ndogo inavyolinda mlima mkubwa.

Nguruwe wa kwanza mguu wa nyuma ni wa Damari, maana ndiye aliyechagua. Mimi usiniletee, mwanangu, dini yangu hainiruhusu. Viazi nitapokea.

Neno la mwisho. Jibu hili nimekutumia kwa posta wiki mbili kabla ya kulipeleka gazetini, upate nafasi ya kusema kwa kinywa chako. Jina nimelificha kama ulivyoomba, lakini mwenye bunduki ya ishirini huko Uporoto ni mmoja tu, na leo, ikiwa ni Jumamosi, mwalimu anaisoma barua hii mbele ya ghala.

Basi nyinyi mnaosomewa, hamjambo? Mtafuteni kwa macho. Kama amekaa mbele, na Damari yuko ubavuni mwake anacheka kama siku ile ya machimbo, basi yote haya mlikwisha kuyasikia kutoka kwake, na madungu yenu yamesimama. Mpigieni makofi, safari hii ni yake kweli. Na kama amejificha nyuma ya magunia, mwalimu, ishia hapo hapo, kunja gazeti, umpe debe la viazi agawe mwenyewe.