Kila Kinachokula Mafuta

Jumatatu, 3 Machi

Nimelipeleka gereji gari letu la kulala, lile lenye kitanda na jiko. Muuguzi amesema wazi: mashine ya oksijeni ya Mama na moto havikai pamoja. Basi jiko la gesi litoke, hita ya mafuta itoke, humo ndani kila kitu kiwe cha umeme. Fundi mcheshi, ila msahaulifu, akaniomba nimwandikie. Nikamwandikia. Jumamosi tunaondoka! Mama hajamwona dada yake miaka kumi na moja, na sasa Mama Mkubwa yuko taabani. Ni mwendo wa saa tisa — kwenye basi mashine tungeichomeka wapi?

Jumatano, 5 Machi

Fundi anasema jiko lilikuwa mchezo tu, "ile kubwa" ndiyo imemtoa jasho. Hita, nadhani. Mama amepanga nguo mara tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Siamini. Siamini!

Jiko jipya safi, betri kubwa chini ya kitanda. Nikakaa kwenye usukani, nikazungusha ufunguo — kimya. Fundi anatabasamu kama bwana harusi. Akafungua boneti.

Tupu! Naona sakafu ya gereji!

Nilipiga kelele hadi mshona viti wa jirani akaja kuchungulia. Injini iko wapi? Imeenda kwa watu wa vyuma chakavu, imeshakatwakatwa. Mota ya umeme ameagiza, wiki sita. Nikamwita mwizi. Akatoa karatasi mfukoni. Mwandiko wangu mwenyewe: "Toa kila kinachokula mafuta au gesi."

Nikakaa juu ya tairi.

Jumamosi, 8 Machi

Watu wa gereji wamelivuta gari hadi uani kwetu alfajiri. Nilitaka kumwambia Mama baada ya chai. Nimetoka bafuni, chumbani hayupo! Yuko garini, mkanda amefunga, mashine ameichomeka, inafanya kazi vizuri kabisa. Ananisifu eti gari halinuki hata kidogo.

Kaka, mtoto wa Mama Mkubwa, akapiga simu. Mama Mkubwa amekataa kulala, anatazama mlango tu, anauliza tumefika wapi. Kabla sijafungua mdomo, Mama akaninyang'anya simu.

"Mwambie dada yangu ndiyo tunatoka hivi."

Nimemwambia nafuata maji. Niko jikoni, naandika. Sijui naanzia wapi.

Anapiga honi. Honi wameiacha.