Wa Kwanza wa Oicha

Kimemi, Butembo

Ndugu yangu Syauswa,

Huku tuko bazima. Mvua haiachi, matope inafika mpaka mu salon. Maharagi ulituma ilifika, aksanti. Nakuandikia sababu mu telefone ulipiga makelele mpaka nikakata.

Unasema bulletin ya masomo ya mutoto wako Joyeuse imekuletea haya. Kwenu Oicha alikuwa wa kwanza, kwangu amekuwa wa makumi ine na moja, basi mimi namutumikisha kazi, hapana kumuacha asome. Unataka arudi.

Arudi wapi? Alifika hapa hajui kugawanya, leo anagawanya. Kifaransa anasoma bila kufuatisha kidole. Bulletin haisemi ile. Inasema tu nafasi.

Lakini hasira yako iliniambukiza. Jana nilimufokea: "Kule ulikuwaka wa kwanza namna gani?" Alikuwa anachambua maharagi yako. Akanijibu bila kuinua macho:

"Tanti, nilikuwaka wa saba. Kisha bauaji baliingia kwetu. Bénie hakuwa tena, Kambere hakuwa tena, bote benye kunipita habakuwa tena. Maître, mwalimu wetu, akasoma majina, akaanza na yangu. Hakuna mutu alipiga makofi. Papa tu."

Papa tu, Syauswa!

Mutoto harudi. Mbele yake mu classe kuko batoto makumi ine, na asubuhi bote banaitika "présent", niko. Hiyo nafasi ndiyo namupigia makofi.

Dada yako mukubwa,
Adèle