Daftari Linasema Maji Yapo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana ukifika Jumapili hautanifaa kitu. Mimi ni mwendesha pampu ya maji ya mtaa, huu ni mwaka wa tisa, kazi yangu ni kuwasha mashine asubuhi, kuizima jioni na kuandika kwenye daftari imefanya kazi kwa muda wa saa ngapi, basi, daftari halina sehemu ya kuandika jambo lingine, na sijawahi kuongeza hata dakika moja, hilo nakuapia.

Shida ilianza miaka mitatu iliyopita tulipojengewa barabara ya lami, barabara nzuri kweli, siisemi vibaya, lakini mashine ya kuchimba ilikata bomba kubwa linalopeleka maji upande wa juu, wenyewe wakafukia wakamwaga lami, na tangu siku hiyo upande wa juu hawajaona tone, mimi nawasha pampu, maji yanaishia ardhini chini ya barabara, jioni nazima, naandika imefanya kazi kwa saa kumi. Nilimweleza msimamizi wangu mara mbili, na mara ya pili akanijibu, "Wewe umeulizwa pampu, hujaulizwa bomba." Nikaona ni kweli sijaulizwa, nina watoto wanne, nikafyata mkia, na baadaye nikazoea.

Sasa uchaguzi umekaribia na serikali inawaeleza wananchi imefanya nini kwa miaka mitano, nikaletewa kipeperushi pale kwenye kibanda cha pampu, nikaanza kukisoma nimesimama nikamaliza nimekaa chini, kinasema mtaa wetu, juu na chini, unapata maji kwa saa kumi kila siku. Mshauri, hizo saa kumi ni zangu, zimetoka kwenye mwandiko wangu. Na Jumamosi kuna mkutano wa kampeni, msimamizi amenipa fulana na kuniambia nipande jukwaani na daftari, nisome ukurasa wowote, ili watu wasikie kutoka kwa mtu wao.

Mama yangu anakaa upande wa juu. Kila aliponiuliza kwa nini hapati maji nilimjibu kwamba pampu inafanya kazi, na kweli inafanya kazi, basi mama akaamini ubovu ni wa bomba lake la uani, amelibadilisha mara mbili, na mpaka leo analiacha wazi na ndoo chini yake ili maji yakija ayasikie. Mwezi uliopita aliteleza kwenye mteremko akitoka kisimani na ndoo kichwani, akavunjika nyonga. Gari la wagonjwa lilimfikia upesi kwa sababu ya barabara ileile, daktari akasema wangechelewa kidogo tungekuwa tunasema mengine, na sasa yuko kitandani nyumbani kwake, dada yangu amehamia pale kumuuguza. Juzi nilimkuta ameshika kipeperushi. Akaniambia, "Serikali imefanya yake, mwanangu. Bomba langu ndilo bovu." Amesema siku ya kura abebwe hata kwa kiti.

Nikisoma daftari nitakuwa sijasema uongo hata neno moja, nikikataa kazi sina, nikisema yote mbele za watu mama atayasikia. Na kura yangu mwenyewe sijui niipige vipi, maana barabara imemwokoa na barabara hiyohiyo imemvunja, mshauri, serikali ya namna hii inapimwaje, nisaidie, silali.

Mwendesha Pampu

*

Mwendesha Pampu,

Pole kwa mama, na dada yako umpe pole yake pia, kumuuguza mzazi aliyevunjika nyonga si mchezo. Sasa kaa vizuri, kwa sababu yaliyobaki hayatakupendeza.

Huo uaminifu wako wa dakika uweke kando. Mtu anayeandika saa kumi huku akijua maji yanaingia ardhini si mwaminifu, ni mwangalifu tu wa kazi yake. Nakuelewa, watoto wanne wanakula kila siku. Lakini miaka mitatu ni mingi, na hukunyamaza kwa msimamizi peke yake. Ulinyamaza kwa mwanamke aliyekuuliza kwa mdomo wake, tena aliyekuzaa.

Unauliza serikali inapimwaje. Inapimwa kwa yote iliyoyafanya. Barabara ni yao, wasifiwe. Bomba lililokatwa ni lao vilevile, waulizwe. Fundi akikujengea sebule akakubomolea jiko, utamwonyesha vyote viwili. Baada ya hapo kila mtu na mizani yake, na kura yako sikuchagulii. Ila watu wa upande wa juu hawawezi kupima wasichokijua. Wataingia kupiga kura wakidhani kosa ni lao, kwa sababu yako.

Basi fanya hivi. Kesho ukishawasha pampu usikae kibandani. Panda juu, piga hodi nyumba kwa nyumba, fungua bomba la kila nyumba kwa mkono wako, na uandike kwenye daftari hilohilo, pembeni ya saa zako, kwamba halikutoa maji. Kama hakuna nafasi, chora mstari uiweke. Toa nakala mbili. Moja mpe msimamizi mkononi Alhamisi pamoja na fulana yake, mwambie huo ndio ukurasa utakaosoma. Nadhani jukwaa utaliona kwa mbali. Ya pili ibandike kwenye mlango wa kibanda, na wapinzani wakija mbio na fulana yao, hiyo nayo usiivae.

Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kazi unaweza kuipoteza, na wapo watakaosema umenunuliwa. Bomba lenyewe huenda lisiguswe mwaka huu wala ujao, yeyote atakayeshinda, maana hakuna kiongozi anayependa kuchimbua lami mpya. Mke wako aambiwe haya leo, asije akayasikia kwa majirani.

Lakini umeniandikia kurasa nzima juu ya jukwaa, na mimi naona unachokiogopa ni kitanda cha mama yako. Anza hapo. Usisubiri kesho. Usimwambie habari za vyama wala nani apigiwe kura, hiyo ni kura yake na kiti cha kumbebea utakibeba wewe. Kaa karibu naye, umwambie bomba lake halikuwa bovu hata siku moja, na kwamba wewe ulijua. Usiongeze "lakini". Anaweza kulia, anaweza kukufukuza, na kama ningekuwa yeye ningekufukuza. Akikufukuza toka, urudi kesho yake.

Na ukiwa unatoka, pitia uani. Lifunge lile bomba, uiondoe ndoo.