Nkwabi Amekalia Kiti Chako

Bariadi

Baba,

Nkwabi amekuja kutupa pole ya msiba wako. Yuko kazini mbali, habari zilimchelewa. Mama alimkaribisha varandani, naye akaketi kwenye kiti chako bila hata kuuliza. Nilitamani kimvunjikie.

Unakumbuka alivyorudi na sanduku lake lote, mwaka wake wa kwanza wa uhandisi kule Dar es Salaam? Alikuja kukuambia wewe mwalimu wake wa fizikia, eti chuo basi, bora alime pamba. Hukumgombeza. Ulimpa jembe mkapalilia pamoja, mpaka jioni moja ukakohoa kidogo ukamwambia, "Ng'wanawane, hebu nionyeshe pale ulipokwama." Likizo nzima mkainamia karatasi, mimi nawaletea viazi. Ng'wanawane, yaani mwanangu! Mtoto wa watu! Mimi uliyenizaa uliniita Milembe tu.

Wakaja wengine, wote ukawarudisha chuoni. Niliwaonea wivu, Baba, na bado nawaonea. Nilijua zamu yangu itafika nikiingia chuo.

Ukatutoka kabla sijaanza. Siku hizi chuo ni kuchangia gharama, na ghala la ushirika lina kufuli, kwa hiyo Mama aliwauzia pamba wanunuzi binafsi ili niende. Darasani wenzangu wametoka shule za ufundi, wanachora mashine huku wanapiga soga. Mimi rula ya T sikuwahi kuishika. Nikarudi nyumbani na sanduku lote.

Nkwabi aliliona. Akachukua jembe lako, tukaenda kupalilia. Halafu akakohoa. "Milembe, hebu nionyeshe pale ulipokwama."

Kakohoa kama wewe, Baba! Hata hicho kakichukua! Nilitupa jembe nikalia kwa hasira. Lakini nikaona nikikataa, atabaki na kikohozi chako yeye peke yake. Nikaenda kuleta michoro yangu.

Jumatatu napanda basi kurudi chuoni. Pumzika, Baba. Nakuahidi mwaka wa kwanza nitaumaliza, na likizo ijayo kwenye kiti hicho nitakaa mimi. Atakayerudi na sanduku nitampa jembe, kisha nitamuuliza swali lako. Ila ng'wanawane simwiti mtu. Hilo nakutunzia, uniite mimi tutakapoonana.

Milembe