Namba Moja, Mashamba Mawili

Aberdeen, Uskochi
Jumapili baada ya kanisa

Kwa ndugu yangu Kiplangat,

Chamgei. Natumaini ule mgongo uliokulaza wakati wa kupalilia umekuachilia, na kwamba barua hii inakukuta ukitembea bila fimbo. Ng'ombe mweupe alizaa? Mvua imerudi Kimulot ama bado inawachezea? Mimi ni mzima. Magoti hulalamika nikipanda ngazi, basi. Baridi ya huku haina umande. Ni upepo wa bahari unaopita ndani ya koti kama koti halipo. Miaka yote hii, nikiamka bado natega sikio kama kuna mtu anakama.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Kuna kitu nimetia kwenye bahasha, na ukikitazama kabla ya kusoma utanielewa vibaya. Soma kwanza.

Nilikuambia kwamba nilipostaafu, maktaba ya chuo iliniomba nirudi kwa kazi nyepesi. Uliniuliza ni kazi gani, nikasema kompyuta, tukaishia hapo. Kazi yenyewe ni hii. Mtafiti huzunguka mashambani akipima na kuuliza, kisha anaandika makala yake. Vile vipimo hubaki kwake, kama mahindi yaliyofungiwa ghalani na mwenye ufunguo amehama. Mwingine akitaka kuuliza swali lingine juu ya mashamba yale yale, inabidi aanze upya na kuwasumbua watu wale wale. Sisi tunawasaidia watafiti kuifungua hiyo data na kuiandikia maelezo, ili mtu asiyewajua aitumie bila kupotea. Maelezo ndiyo kazi yangu. Wakati mmoja mtafiti aliandika 99 kila mahali ambapo mkulima hakujibu, na hakusema hivyo popote. Aliyeichukua data baadaye akakuta maboma yenye ng'ombe tisini na tisa, akayafanyia hesabu kwa heshima zote.

Sasa, unamkumbuka Fiona, yule msichana mtafiti wa udongo aliyekuja kwenu na buti za kijani. Data yake imefika mezani kwangu. Majina ameyatoa, kila shamba ni namba tu. Lakini ameacha ukubwa wa shamba, mwinuko wake, umbali hadi kituo cha kununulia majani ya chai na umbali hadi msitu. Nilipoufikia mstari mmoja niliacha kuandika. Lilikuwa shamba letu. Na kilo zake zilikuwa karibu mara mbili ya za majirani.

Fiona alifurahi nilipoutaja mstari huo.

"Huyo ndiye nyota wangu," alisema. "Kuna mtafiti wa Assam, India, ameshaomba data hii kwa sababu yake. Anataka kujua anapogoaje."

"Anapogoa kama wengine," nikamwambia. "Hayo ni majani ya mashamba mawili."

"Lakini alinionyesha ujumbe wa kiwanda kwenye simu. Kilo ziko pale."

"Kilo ni za kweli. Uliuliza kilo, akakuonyesha kilo. Hukuuliza ni za nani."

Akauliza nimejuaje. Nikasema nimezaliwa hapo, na kama mimi nimelitambua shamba kwa umbali wa kituo, hata karani wa kituo atalitambua. Alikunja uso, akafuta zile namba za umbali na mwinuko, akaweka makadirio. Si mtu mbaya. Lakini bado mstari ulikuwa unasema uongo, na kuusahihisha kulihitaji maelezo.

Hukumdanganya, Kiplangat. Kwetu majani ya boma moja ni majani ya boma moja. Tangu ndugu yetu Joel atuache, mjane wake Mama Cherotich anachuma yake, anayaleta, nawe unayapima kwa namba yako ya kiwandani. Hakuna aliyekaa chini kuliamua jambo hilo. Ila mtu wa Assam hajui boma ni nini.

Ndipo nikampigia Mama Cherotich, kwa sababu majani ni yake.

"Shemeji! Uko hai?" akasema. "Nilidhani umegeuka barafu."

"Nayeyuka kidogo kidogo."

Nikamweleza yote. Akacheka mpaka akakohoa. "Ati Kiplangat ndiye bingwa wa majani chai? Kiplangat huyu wetu?"

"Nikiandika ukweli, kituoni wanaweza kujua majani yako yanapitia kwake, wayakatae. Unajua sheria yao, kila mtu na namba yake."

"Na usipoandika?"

"Mtu mahali fulani atapogoa kama Kiplangat, angojee mavuno ya watu wawili."

"Maskini. Atanilaani na hanijui." Nikasikia akifukuza kuku wake. "Sikiza, shemeji. Kiplangat hajanikosea hata shilingi. Liandike hilo kama kuna pahali. Lakini Joel alikufa na namba yake ikafa. Mimi ndiye niko kwa majani mvua ikininyeshea, na kila mahali ni Kiplangat, Kiplangat. Hata huyo mzungu alikunywa chai kwangu. Aliniuliza choo kiko wapi. Shamba hakuniuliza."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Nipatieni namba kwanza. Halafu andika mpaka kalamu iishe wino."

Hilo ndilo jibu lake, na naona ni la haki. Tukiandika kabla hajapata namba, tunamnyang'anya mahali pa kuuzia. Tusipoandika kabisa, data inabaki na uongo na yeye anabaki hayupo. Nimemwomba Fiona auzuie mstari wako mpaka nyumbani mkubaliane. Amekubali, ingawa bila mstari huo matokeo yake yamekonda.

Kiwanda hakitampa namba bila familia kuonyesha kipande chake ni kipi, na ardhi bado iko kwa jina la baba. Tuliobaki ni mimi na wewe. Karatasi iliyo kwenye bahasha ndiyo hiyo. Imeandikwa kwamba sehemu ya chini, kutoka njia ya ng'ombe hadi mtoni, ile baba aliyosema tugawane mimi na Joel, yote ni ya nyumba ya Joel. Nimetia sahihi mbele ya wakili wa hapa.

Usidhani nimekasirika, wala usidhani nimekata shauri la kutorudi. Nilikuwa nimejenga nyumba pale, akilini, dirisha likitazama msitu wa Mau. Nimeijenga na kuibomoa mara nyingi. Chai ya pale imeishi kwa mikono ya mtu mwingine wakati mimi nikipanga madirisha.

Najua utakachosema. Utasema binti yao Cherotich ameolewa Siongiroi, na siku moja mume wake atakuja kuipima ardhi yetu kwa hatua. Nimelifikiria. Yule ana ng'ombe wa kutosha kumchosha. Na hata akija, atamkuta mama mkwe wake, nawe unamjua mama huyo akisimama mlangoni.

Nisalimie mke wako, na umwambie sweta inanitosha. Wasalimie wajukuu, hasa yule anayesomea ualimu, na mzee wa kanisa jirani yako aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Mama Cherotich usimsomee barua hii, mpelekee karatasi.

Kwenye ile karatasi nimeacha nafasi ya sahihi yako chini ya jina langu. Chifu atataka wino mweusi.

Ni mimi kaka yako,
Wesley