Pampu Iliyobaki Baridi

Mjukuu wangu Aline,

Huku Mwakiro sote tu wazima. Mbuzi wako amezaa mapacha, na bibi yako humuuliza kila anayetoka Gitega kama amekuona, kana kwamba Gitega ni kijiji.

Umeniuliza: gesi ikibanwa hupata joto, wala hakuna moto uliowashwa, sasa joto hilo linatoka wapi? Kemia sikuisoma, ila pampu ya baiskeli naijua.

Mwaka tuliorudi kutoka Tanzania, nikiwa kijana, nilimkuta msichana kwenye njia ya soko la Gashoho. Tairi la baiskeli yake lilikuwa limeisha upepo, na gunia la maharage liko chini. Nikatoa pampu yangu, nikajaza kwa mbwembwe, haraka haraka, nikijisifu kwamba mikono yangu haichoki. Akainama, akaigusa pampu.

"Mbona iko baridi? We unafanya kazi gani hapo?"

Kumbe mpira wa pampu ulikuwa umechomoka. Hewa ilijitokea tu bila kupingwa, ndiyo maana sikuchoka. Nikauchomeka vizuri. Sasa hewa ikakataa kubanwa, jasho likanitoka, na pampu ikawa ya moto hata kuishika ni shida.

Basi joto lile lilitoka mkononi mwangu, Aline. Nguvu niliyoisukumia hewa haikupotea, iliingia humo humo kwenye hewa.

Msichana yule ndiye bibi yako. Hadi leo nikitoka shambani nikasema nimefanya kazi sana, hunigusa kiganja kwanza.

Babu yako